Kiingereza cha kuombea maji kilivyonizamisha

Kama ulisoma shule zetu hizi za madawati ya watu wanne wanne, bila shaka uliwahi kuambiwa kwamba Kiingereza chako ni cha kuombea maji tu. Maana yake ukitupwa London leo hii utaambulia glasi ya maji na basi. Chakula, kitanda na nauli ya kurudi Bongo havimo kwenye msamiati wako. Wengi huambiwa hivyo kwa utani. Mimi mwenzenu nilikitumia Kiingereza hicho kwa kazi yake hasa, yaani kwa habari ya maji, na hata hapo kikanishinda. Nusura watu watoane macho, na mama mmoja asiye na hatia akapoteza mbuzi. Chanzo ni kitenzi kimoja cha Kimombo chenye herufi nne tu: sink.

Ilikuwa mwaka 1999. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka, na hayakuwa matokeo ya kuyataja mbele za watu. Nilikuwa nimejibanza kwa shangazi yangu Majengo, Dodoma mjini. Asubuhi nachukua zabibu kwa mkopo, mchana nawauzia abiria pale Jamatini, jioni narudisha hesabu ya watu, mfukoni nimechacha vile vile. Kwa mtaa wa Majengo nilikuwa msela wa kawaida kabisa. Lakini kijijini kwa mama yangu, upande wa Bahi, nilikuwa msomi. Mtu aliyefika form four kule alisikilizwa kama bwana shauri wa enzi za mkoloni.

Siku hiyo mjomba akashuka kwenye lori la mkaa, hata hakukaa kunywa chai. "Mpwa wangu, vaa shati lenye kola, tunaondoka. Imekuja barua ya Kizungu."

Nikavaa shati lenye kola. Sikujua nakwenda kufanya nini, lakini nilishaanza kujisikia.

Hapa lazima nikueleze kidogo habari ya maji ya Ugogo, maana wewe uliyezaliwa Sinza unaweza kudhani shida ya maji ni bomba kukauka Jumanne na kurudi Alhamisi. Mvua za Dodoma mara nyingi hazifiki milimita 600 kwa mwaka mzima, na zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni upepo, vumbi na jua. Mito inabaki makorongo ya mchanga mkavu. Kina mama wanakwenda korongoni alfajiri, wanachimba mchanga kwa mikono mpaka unalowa, kisha wanakaa kusubiri maji yajikusanye, wanayachota kidogo kidogo kwa kata. Ndoo moja saa nzima. Kadiri kiangazi kinavyosonga shimo linakwenda chini, mpaka mama anaingia lote na huoni ila kitambaa cha kichwa.

Kwa hiyo kijiji kile kiliposikia kuna watu wema wa ng'ambo watasaidia kuchimba kisima kirefu, mradi wananchi nao wachange sehemu yao, hakuna aliyegoma. Kila kaya ilitoa shilingi 5,000. Mwaka 1999 shilingi 5,000 kijijini haikuwa hela ya vocha, ilikuwa kuku watatu au gunia la mtama. Kamati ya maji ikaundwa, na mweka hazina akachaguliwa mama mmoja mjane. Walimchagua kwa sababu alikuwa na kabati lenye kufuli na alikuwa haogopi wanaume. Jina lake nalihifadhi. Kijiji kizima kilimwita Mama Hazina, nami nitamwita hivyo hivyo.

Mtambo ukaja. Ukanguruma siku nne, ukatapika tope la kijivu, watoto wakaacha shule kwenda kuutazama. Siku ya tano mafundi wakafunika tundu kwa kifuniko cha chuma, wakafunga vyuma vyao, wakaondoka. Miezi miwili kimya. Ndipo ikaja barua.

Mkutano ulifanyika chini ya mbuyu. Wazee mbele kwenye vigoda, kina mama wamekaa chini upande wa kushoto, vijana wamesimama nyuma wamekunja mikono. Nikaamkia, "Mbukwenyi!" wakaitikia wote, nikafungua bahasha kwa madaha. Nikaisoma kwanza kwa Kizungu chenyewe, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika ingawa hakuna aliyeelewa hata herufi. Mjomba alikuwa anatabasamu kama yeye ndiye aliyeiandika.

Barua ilikuwa na sentensi tatu za maana. Ya kwanza ilisema fedha zote sasa zimekuwa sunk kisimani. Ya pili ilisema kisima kingine kitakuwa sunk baada ya mvua. Ya tatu, mwandishi anajua jambo hili litachukua muda ku-sink in.

Sasa mimi neno hilo nililijua vizuri. Nililisoma darasani pamoja na picha ya meli. Meli ina-sink, yaani inazama. Nikashusha tafsiri bila kupepesa: "Wafadhili wanasema hivi, fedha zote zimezama kisimani. Kisima cha pili nacho kitazama baada ya mvua. Na wanasema wanajua jambo hili litachukua muda kuzama."

Kimya. Nzi mmoja tu ndiye aliyekuwa anazungumza.

Mzee mmoja akainua fimbo yake. "Mjukuu wangu, kisima cha pili kitazama. Cha kwanza kimezama lini? Mimi jana nimepita pale, kifuniko kipo."

Kijana mmoja wa nyuma akasema hata barua yenyewe inazama taratibu. Watu wakacheka, lakini kile kicheko cha meno ya juu tu. Mjomba akaona nafaharisha ukoo vibaya, akaamua kuokoa jahazi. Mjomba aliwahi kufanya kazi za ndani kwa wakubwa huko Oysterbay. Akasimama, akakohoa, akasema: "Hilo neno mimi nalijua, ni sinki. Sinki ni karai la kuoshea vyombo, limejengewa ukutani, lina tundu chini. Ukimimina kitu humo kinapita moja kwa moja, hukioni tena."

Bwana wee! Afadhali angekaa kimya. Sasa kijiji kikapata picha kamili: pesa za kuku na mtama zimeingia kwenye karai lenye tundu. Na ndipo mwanamke mmoja, tena wala hakusimama, akauliza swali lililonifuata mpaka leo ninapoandika. "Pesa haina miguu ya kwenda majini ikazama. Sisi tuambiwe nani kaizamisha."

Macho yote yakamgeukia Mama Hazina.

Msomaji, ili uelewe kwa nini neno hilo liliwasha moto mahali pale kuliko ambavyo lingewasha Tanga au Songea, inabidi ujue jina la Dodoma lilikotoka. Kigogo wanasema "idodomya", yaani imezama, imedidimia. Masimulizi yako mawili. La kwanza ndilo tunalofundishwa shuleni: tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa kwenye tope, akawa anazidi kwenda chini, watu wakashangaa, "Idodomya!" Basi pakaitwa hivyo. Reli ya Wajerumani ilifika hapo mwaka 1910, na jina likabaki Dodoma. Mwaka 1973 TANU ikaamua pawe makao makuu ya nchi, mwaka 2018 pakatangazwa kuwa jiji. Ukitaka tafsiri ya neno kwa neno, sisi Watanzania makao makuu yetu yanaitwa Imezama, na tumetulia tu.

Simulizi la pili ndilo wazee wanalolipenda, ingawa hawalisemi mbele ya mgeni. Wahehe watusamehe. Inasemekana watu wa hapo waliiba kundi la ng'ombe wa jirani zao Wahehe wa upande wa kusini, wakachinja, wakala, wakabakiza mikia tu. Wenye mali walipokuja kufuatilia, wakapelekwa kwenye tope la kinamasi. Huko wakakuta mikia imechomekwa, inachungulia juu. Wenyeji wakawaambia kwa huzuni: ng'ombe zenu jamani, idodomya. Wamezama.

Unaona sasa? Kwa watu wale, kusikia kwamba mali ya watu imezama si habari. Ni udhuru wa zamani kuliko reli. Yule mzee wa fimbo akalisimulia hilo la mikia pale pale mkutanoni, polepole, na alipofika mwisho akamwangalia Mama Hazina, akamuuliza: "Mwanangu, mkia uko wapi?"

Mama Hazina akasimama. Alisema fedha alipeleka yeye mwenyewe mjini, na risiti anayo. Akaitoa kwenye kitambaa alichofunga pindoni mwa khanga. Risiti nayo ilikuwa ya Kizungu. Akanigeukia mimi, akaniambia maneno ambayo hayakuwa na ukali hata kidogo, "Mwanangu, isome tena hiyo barua."

Nikaisoma tena. Neno lilikuwa lile lile na mimi nilikuwa yule yule. Ningeweza kusema, jamani, Kiingereza changu hapa kimefika ukingoni. Maneno sita tu. Lakini nilikuwa nimevaa shati lenye kola. Nikasema: "Zimezama. Ndivyo ilivyoandikwa."

Jioni ile mgambo wakaenda kwa Mama Hazina wakachukua mbuzi wake watatu, wakawafunga nyuma ya ofisi ya kijiji, kwa maelezo kwamba wanashikiliwa mpaka jambo liishe. Usiku nililala kwa mjomba, nikawasikia wanalia. Mbuzi wakitenganishwa na zizi lao wanalia kama watoto.

Asubuhi nikadandia lori kurudi mjini, nikaenda moja kwa moja maktaba ya mkoa. Sikuwahi kuingia mle tangu nimalize mitihani. Nikaomba kamusi kubwa kuliko zote. Nikafungua, nikalitafuta neno langu, na sikufichi msomaji, nilinywea.

Neno lile lilikuwa na safu nzima ya maana. Meli kuzama ilikuwa moja tu. Chini yake kulikuwa na kuchimba: Waingereza wanaposema wame-sink kisima, wanamaanisha wamekichimba kwenda chini, wametoboa ardhi. Chini yake tena kulikuwa na kutia fedha nyingi katika kazi fulani, kuziwekeza, ziwe zimefungwa humo. Halafu lile la mwisho, la ku-sink in, ambalo halihusiani na maji hata kidogo: ni habari kumwingia mtu akilini, kidogo kidogo, kama maji yanavyonyonywa na udongo. Kwa hiyo barua haikusema fedha zimepotea. Ilisema fedha zimetumika kuchimba, kisima kingine kitachimbwa baada ya mvua, na tutahitaji muda kuikubali habari hii. Sentensi tatu, sink tatu, na hakuna hata moja iliyozama.

Nilikaa pale mpaka mkutubi akaanza kufunga madirisha. Kilichonishangaza hakikuwa wingi wa maana, maana Kiswahili chetu nacho kwa hilo si haba. Tunazama majini, tunazama kwenye mawazo, mtu anazama kwenye mapenzi mpaka anasahau kwao, na vijana wa siku hizi wanazama kwenye DM za watu usiku wa manane. Jua linazama, ingawa wazee wanasema linakuchwa. Tena tuna kuzamia, neno lililokuwa la wapiga mbizi, likachukuliwa na masela wa bandarini wanaojificha kwenye meli kwenda Durban au Ugiriki, kisha likashuka kwa yule anayeingia kwenye harusi bila kadi akala pilau kuliko bwana harusi.

Hata kuzama kwenyewe hatukuachii kitenzi kimoja. Chombo cha baharini kinatota. Mguu unadidimia kwenye tope, na hapo sikio langu linausikia undugu na ile "idodomya" ya Wagogo. Ardhi ikibonyea chini ya miguu inatitia. Mtu akizidisha ulevi tunasema ametopea, tumelichukua tope lile lile la tembo tukamtia nalo mlevi. Mwingereza kwa yote haya anaweza kukupa sink moja, ukachague mwenyewe.

Kilichonikaa rohoni ni kingine. Mwingereza akisema meli ime-sink, na akisema maharamia wame-sink meli, kitenzi ni kile kile. Kiswahili hakikubali. Ikienda yenyewe imezama, na kama kuna mkono wa mtu ndani yake imezamishwa. Silabi moja tu, lakini ndani ya silabi hiyo kuna kesi ya mahakamani. Yule mama aliyekaa chini hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji, ila alikisikia kilichokosekana katika tafsiri yangu. Aliuliza nani kaizamisha.

Nikikaa hivi huwa nawaza habari ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Sote tulisema, na mpaka leo tunasema, meli ilizama, na mamia ya watu wakafa jirani kabisa na Mwanza. Lakini ilipinduka kwanza, ikaelea tumbo juu, na ndani kulikuwa na watu hai wanaogonga. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Waliotoboa walitaka kuokoa. Hapo uiambie lugha ichague kati ya kuzama na kuzamishwa, uone kazi.

Na kama unataka kuona pesa zinavyo-sink, huna haja ya kwenda mbali na Dodoma. Nenda Kongwa. Mwaka 1947, vita imekwisha, Uingereza haina mafuta ya kula, wakubwa wakaamua kulima karanga Tanganyika, na Kongwa ikawa kitovu. Wakaleta matingatinga, wakaleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikawagomea. Mvua ikawagomea zaidi, na ardhi ya kule ikikauka inakuwa kama tofali la kuchoma, karanga zikafungiwa humo humo hazing'oleki. Mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ikasalimu amri, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Wachumi wana jina la pesa za namna hiyo, gharama iliyokwisha kuzama: hairudi uamue vyovyote, kwa hiyo usiihesabu unapopanga kesho. Rahisi kusema. Mwambie mtu aliyeuza kuku watatu asiwahesabu.

Kinachonichekesha ni kwamba leo wakulima wa Kongwa na jirani zake wanalima karanga na alizeti, kwa jembe na kwa ng'ombe, na mafuta tunakula. Mgogo yeyote aliyekuwa hai mwaka 1947 angewaambia Waingereza udongo ule ukoje wakati wa kiangazi. Sina hakika kama kulikuwa na mkalimani.

Turudi kijijini, maana mbuzi bado wamefungwa.

Nilirudi siku ya tatu, safari hii bila kola, na kipande cha karatasi nilichonakili maana zote. Mkutano ukaitishwa tena. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nilikosea, kwamba fedha hazikuzama, zimetumika kuchimba, na kwamba Mama Hazina hana deni na mtu. Nikaitafsiri na risiti yake, tarakimu kwa tarakimu. Ilikuwa sawasawa na daftari la michango.

Watu wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha yule mzee wa fimbo akauliza, kwa upole: "Basi kama kimechimbwa, mjukuu wangu, maji yako wapi?"

Hapo ndipo sentensi ya tatu ya barua iliponiingia na mimi. Kwa nini mtu aandike kwamba habari itachukua muda kutuingia, kama habari ni nzuri? Nikaisoma barua yote upya, pamoja na ukurasa wa nyuma wenye vipimo ambao siku ya kwanza niliupuuza kwa kuona ni hesabu tupu. Kisima cha kwanza kilikuwa kikavu. Chini ya sehemu kubwa ya Dodoma kuna mwamba mgumu wa matale, na maji yamejificha kwenye nyufa zake na kwenye tabaka la juu lililooza. Ukiupata ufa, umepata maji. Ukiukosa kwa hatua chache, umetoboa jiwe. Ndiyo maana mji wenyewe kwa miaka mingi umekunywa maji ya visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, ambako ardhi ilikatika na kutengeneza beseni la kuhifadhi maji. Kijiji chetu hakikuwa na beseni. Mafundi walikuwa wametoboa jiwe.

Nikawaambia. Kwa hiyo, kwa hesabu ya mwisho, pesa zilikuwa zimezama kweli. Tofauti ni kwamba hakuna aliyezizamisha. Walikaa kimya muda mrefu sana, lakini hakuna aliyepiga kelele. Yule mwanamke aliyeuliza swali siku ile ndiye aliyenyanyuka wa kwanza, akaenda akakaa karibu na Mama Hazina, wakanong'onezana wakicheka jambo ambalo sikulisikia.

Mbuzi wakafunguliwa. Wawili. Wa tatu hakuonekana. Mgambo mmoja alipobanwa aeleze alipokwenda, akakuna kichwa, akatazama chini, akasema amezama.

Wallahi ndivyo alivyosema. Kijiji kizima kilicheka mpaka watu wakashika matumbo, hata Mama Hazina mwenyewe alicheka, ila macho yake hayakuwa yanacheka. Nyuma ya ofisi kulikuwa na majivu na mifupa. Hata mkia hawakuona haja ya kuuchomeka popote.

Mbuzi yule hakulipwa na ofisi wala na mgambo. Mimi nilikuwa na deni la zabibu la shilingi 2,000 na sikuwa na cha kusema. Nilirudi Majengo nikaendelea na Jamatini yangu. Kisima cha pili kilichimbwa mwaka uliofuata, upande mwingine wa korongo, na kikapata maji. Yana chumvi kidogo, chai yake haitaki sukari kidogo, lakini ni maji. Mwaka 2003, nilipopata ajira ya kwanza yenye mshahara wa mwisho wa mwezi, nilinunua mbuzi jike mweupe mnadani, nikampeleka kwa Mama Hazina kwa miguu yangu. Alimpokea, akamkagua meno, hakusema ahsante wala hakusema pole. Aliniuliza tu anaitwa nani. Nikasema hana jina. Akampa jina la Sinki.

Mwaka jana nilikwenda kule kumzika mjomba. Siku hizi naingia Dodoma kwa treni ya umeme, nashuka nikiwa sijatoa hata jasho, halafu vumbi la Bahi linanipokea kama zamani. Mama Hazina bado yupo. Mgongo umepinda, kabati lenye kufuli liko pale pale, na nje nilihesabu mbuzi kumi na moja, wengi weupe. Jua lilikuwa kali. Nilikaa kwenye mkeka kivulini, nikamwomba mama yangu maji ya kunywa.

Akajaza kata kwenye mtungi, akaishika mkononi mwake, wala hakunipa.

"Omba kwa Kizungu," akasema.